Sindano, vijiti, koili au vidonge: uliza damu kwanza, miaka baadaye

Wanawake wengi wanaokaa mbele yangu kliniki ya uzazi wa mpango, wawe wa Langoni hapa mjini Lamu au wametoka Kizingitini, kisiwa cha Pate, kwa boti ya alfajiri, huanza na swali moja: "Sista, hiyo ni ya miaka mingapi?" Mitatu, mitano, miezi mitatu. Utadhani nauza vitambaa kwa yadi. Nami hujibu, maana swali lenyewe si baya, lakini nina langu la kurudisha: damu ikija ovyo, au isipokuja kabisa, utafanyaje? Hapo ndipo mazungumzo yenyewe huanza. Karibu wote niliowaona wakirudi kutaka kijiti kitolewe kabla ya wakati wake, hawakurudi kwa sababu miaka ilikuwa mingi. Walirudi kwa ajili ya damu.

Kwa hivyo ulinganisho huu nimeupanga hivyo. Nitaanza na damu, halafu safari ya kwenda na kurudi kituoni, halafu miaka, ambayo ndiyo rahisi kuliko yote kwa kuwa imeandikwa kwenye pakiti.

Ukoo mmoja

Sindano ya Depo, vijiti vya mkononi, koili ya homoni, vidonge vya wanaonyonyesha, P2 ya dharura, hata ile Primolut wanayonunua wanaokwenda Hija ili kuahirisha hedhi: vyote vimejengwa juu ya projestini, homoni iliyotengenezwa kiwandani kuiga projesteroni ya mwili. Kila mwezi estrojeni hutangulia kujenga utando wa ndani ya mfuko wa uzazi. Yai likishatoka, projesteroni huingia kuutayarisha utando ule upokee mimba. Mimba isipotunga, projesteroni hushuka, utando humwagika, nawe unaona siku zako.

Sasa mtu akipewa projestini mfululizo bila kukatika, ute wa mlango wa kizazi huwa mzito mbegu zikashindwa kupenya, yai mara nyingi halitoki, na utando hubaki mwembamba. Wembamba huo ndio unaoleta matone. Itazame lipu ya chokaa kwenye nyumba ya mawe iliyokwisha kuliwa na chumvi ya bahari. Haianguki kwa mpigo. Leo hubanduka kipande hapa, kesho kipande pale. Ndivyo damu ya projestini ilivyo kwa wengi miezi ya mwanzo: si maji ya kuchota, ni madoa ya hapa na pale yasiyo na tarehe.

Na kwa kuwa tumetaja asili, wapenda viazi vikuu watafurahi kusikia hili. Miaka ya 1940 mkemia Russell Marker alikwenda Mexico, akachimba viazi vya mwituni vya jamii moja na viazi vikuu vyetu, akatoa ndani yake kiini alichokigeuza kuwa projesteroni. Mwaka 1951, huko huko Mexico, kijana Luis Miramontes, akifanya kazi chini ya Carl Djerassi, akatengeneza noretisteroni, ambayo ndiyo hiyo hiyo iliyomo ndani ya Primolut leo. Lakini usije ukapika sufuria ya viazi vikuu kwa nazi ukidhani umepanga uzazi. Mwili wa binadamu hauwezi kufanya ile kazi ya maabara. Utashiba tu.

Kabla ya yote, sala

Sina ijaza ya fiqhi, nina cheti cha uuguzi. Lakini sijui nitawezaje kuwaeleza wanawake wa Lamu kuhusu matone nikaacha sala nje ya mlango. Niliwahi kuletewa mwanamke wa Siyu, vijiti vina miezi 2 mkononi, matone hayajakatika. Aliyemleta alikuwa mama mkwe, na shitaka lake halikuwa damu. "Huyu mwari wangu tangu Rajabu hajasimama kusali." Yule binti alikuwa ameinamisha uso, anavuta ncha ya buibui. Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote. Kila akiona doa, anahesabu hedhi imerudi, anangoja ikatike aoge. Haikatiki.

Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo tuliyo nayo wengi huku, hedhi haizidi siku 15. Damu ikipita hapo ni istihadha, na mwenye istihadha anasali, anafunga, na haki zake za ndoa zipo. Namna ya kuhesabu siku kwa mtu ambaye damu yake imechanganyika ina maelezo yake, hayo kamuulize mwanachuoni, na wapo wanawake wanaosomesha mambo haya vizuri sana. Kazi yangu mimi ni kukupa kitu cha kumpelekea: kalenda. Chora mstari siku ya damu ya kujaza pedi, weka nukta siku ya doa, acha wazi siku kavu. Mwanachuoni akiiona karatasi hiyo atakujibu upesi, na mimi nikiiona nitajua kama dawa inahitajika.

Basi tuanze kulinganisha.

Sindano na vijiti

Hawa ndio mahasimu wakubwa, kwa sababu ndio wanaopatikana kila mahali, na kwa sera bidhaa zenyewe hutolewa bure vituo vya serikali.

Sindano ya kawaida, yaani Depo, ni projestini iitwayo medroksiprojesteroni, miligramu 150, huchomwa kwenye msuli wa mkono au tako kila baada ya wiki 13. Ipo nyingine ya miligramu 104, ndogo, ya kuchomwa chini ya ngozi, iliyofungwa ndani ya kifuko kama kiputo chenye sindano fupi yake. Muda wao ni mmoja. Kuna pia Noristerat, ya miezi 2, ambayo huku haionekani sana.

Damu ya sindano ina mwelekeo. Miezi 3 hadi 6 ya kwanza huchezacheza, matone yanakuja yanakwenda. Baadaye hupungua, na mwaka ukitimia karibu nusu ya wanaotumia hawaoni kitu kabisa. Kwa mwanamke anayetaka kusali na kufunga bila hesabu, hiyo ni raha. Kwa mwingine ni hofu: damu inakwenda wapi? Inarundikana tumboni? Hairundikani. Utando haukujengwa, kwa hivyo hakuna cha kumwagika. Hilo nimelisema mara nyingi kuliko jina langu.

Damu ya vijiti haina mwelekeo, na hapa nataka niwe mkweli kuliko mabango ya ukutani. Wapo wanaopata siku chache nyepesi wakafurahi. Kwa kile cha kijiti kimoja, karibu 1 kati ya 5 hukatika kabisa, na karibu idadi hiyo hiyo hupata damu ya siku nyingi mfululizo. Hakuna kipimo cha kukuambia mapema utaangukia kundi gani. Miezi 3 ya mwanzo hudokeza: ikiwa imekwenda vizuri, aghalabu itaendelea vizuri. Matone yakikuchosha usivumilie kimya. Kuna ibuprofeni ya siku 5 baada ya chakula, na kuna dawa nyingine za muda mfupi ambazo kliniki inaweza kukupa kama huna kizuizi. Husaidia wengi, ingawa si wote.

Kwa nguvu ya kuzuia mimba, vijiti vimeshinda na hawana mpinzani. Kati ya wanawake 100 wanaovitumia kwa mwaka, hafiki hata 1 anayeshika mimba. Sindano ni kama 4 kati ya 100, na si kwamba dawa yake ni dhaifu. Watu wanachelewa kurudi. Na huku kwetu kuchelewa si uvivu. Kusi likivuma na bahari ikichafuka, boti haiji. Nauli haipo. Mume yuko baharini na pesa ziko naye. Sindano ya Depo ina msamaha: ukichelewa hadi wiki 4 bado unaweza kuchomwa bila kupimwa mimba. Hii inatosha kwa wimbi moja, lakini si kwa msimu mzima.

Ndiyo maana ile ya chini ya ngozi naipenda kwa watu wa visiwani. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wanawake waruhusiwe kujichoma wenyewe. Ukifundishwa, unaweza kuondoka na za miezi kadhaa kwenye mkoba. Haitaki friji. Inataka pasiwe na joto la kupita nyuzi 30 wala jua, na wenye nyumba za mawe mna zidaka: ule ukuta mnene wa matumbawe ni baridi kuliko kabati la mabati. Unaminya ngozi ya tumbo au paja, unaingiza sindano yote, unabana kiputo polepole kwa sekunde 5 hadi 7, unatoa, husugui. Uliza kama kituo chako kinayo na kama yupo anayefundisha. Kama hawanayo, waulize tena mwezi ujao. Kituo hakiagizi kitu kisichoulizwa.

Vijiti navyo vina aina. Jadelle ni viwili, kila kimoja kina projestini iitwayo levonojestreli miligramu 75, na pakiti inasema miaka 5. Implanon NXT ni kimoja, chenye projestini nyingine, etonojestreli, miligramu 68, miaka 3. Levoplant ni viwili, miaka 3. Uwekaji ni wa dakika chache. Unalala, mkono usioandikia unakunjwa nyuma ya kichwa, tunapima sentimita 8 hadi 10 juu ya kifundo cha ndani cha kiwiko, tunadunga ganzi. Baada ya ganzi unahisi kusukumwa tu, kama uzi unaopitishwa upindoni. Hakuna mshono. Kwa wanaouliza udhu: udhu unafika kiwikoni na bendeji iko juu yake, hausumbuliwi. Josho ndilo la kuuliza, maana tunataka pasilowe kwa siku 4. Baada ya hapo uguse mwenyewe, uone kijiti kiko wapi. Siku ukikitafuta usikipate, njoo. Implanon NXT imetiwa bariamu ili ionekane kwenye eksirei, kwa hivyo hakipotei milele.

Lakini kuwekwa si tatizo. Tatizo ni kutolewa. Mimi mwenyewe, muuguzi mzima, nilikwenda kutolewa changu nikiwa likizo bara, kituo nisichokitaja. Mara ya kwanza nikaambiwa ajuaye kutoa yuko semina. Mara ya pili kijana mmoja akanitazama kadi: "Mama, hii bado ina miaka 2, uitoe ya nini?" Nikamwambia mkono ni wangu. Mara ya tatu kikatoka, dakika 5, kovu dogo kama punje ya mtama. Kijiti hutolewa siku yoyote unayotaka, na huhitaji sababu ya kumridhisha mtu. Kwa hivyo kabla hujawekwa, uliza kwa sauti: hapa nani anatoa, na yupo siku gani? Jibu likiwa la kuzungukazunguka, chukua sindano ukaenda zako.

Ukitaka kuzaa tena, hapa tofauti ni kubwa. Kijiti kikitoka, uwezo hurudi upesi, mtu anaweza kushika mwezi huo huo. Sindano haichopoki. Ikishaingia imeingia, na kwa wastani huchukua kama miezi 10 tangu ya mwisho hadi mimba itunge. Haiharibu kizazi, inachelewesha. Lakini kwa mwari wa mwaka wa kwanza ambaye ukoo mzima unalihesabu tumbo lake, miezi 10 ni mirefu kama deni. Mtu anayefikiria kuzaa mwaka ujao simpi sindano kwa moyo mkunjufu.

Uzito: sindano huongeza kilo 1 hadi 2 kwa mwaka kwa wastani. Wapo wasioongezeka hata robo. Sindano pia hupunguza kidogo uimara wa mifupa wakati inatumika, na mifupa hurudi ukiiacha. Machi 2024 utafiti wa Ufaransa ulionyesha kwamba wanaochomwa medroksiprojesteroni zaidi ya mwaka mfululizo wana uwezekano mkubwa zaidi wa uvimbe wa utando wa ubongo uitwao meninjioma. Ugonjwa wenyewe ni nadra, kwa hivyo hata ukizidishwa unabaki nadra, lakini mwenye uvimbe huo asipewe, na mwenye kuumwa kichwa kwa namna mpya au kuona kiwi asikae nyumbani.

Na ule uvumi kwamba Depo inaleta Ukimwi? Ulichunguzwa kwa utafiti wa maana. Wanawake 7,829 wa Kenya, Afrika Kusini, Eswatini na Zambia walipangwa kwa bahati nasibu, wengine sindano, wengine koili ya shaba, wengine vijiti, na matokeo yakatoka 2019: hapakuwa na tofauti kubwa ya maambukizi kati yao. Maambukizi yenyewe yalikuwa mengi katika makundi yote, ambalo ni jambo jingine, na linatukumbusha kwamba hakuna hata kimoja katika ukoo huu kinachozuia virusi. Hilo ni kazi ya kondomu.

Kuna watu ambao mwili wao umeshawachagulia. Mwenye selimundu, na pwani hii tunayo, sindano ya Depo humfaa hasa kwa sababu hupunguza yale maumivu ya kukabwa. Anayetumia rifampisini ya kifua kikuu, au dawa za kifafa kama fenitoini na kabamazepini, au efavirenzi ya virusi vya Ukimwi, vijiti hupungua nguvu mwilini mwake, Depo haipungui. Mwenye presha ya 160/100 au zaidi, sindano tunaikwepa na vijiti tunampa. Mama aliyejifungua na ananyonyesha anaweza kuwekwa vijiti hata kabla hajatoka wodini, lakini sindano tunamngojesha wiki 6. Na mwenye saratani ya matiti hapewi homoni yoyote ya ukoo huu, basi.

Koili ya homoni, anayestahili kujulikana zaidi

Si ile koili ya shaba. Ya shaba haina homoni na huongeza damu. Hii ni kipande cha plastiki chenye umbo la T, kimebeba levonojestreli miligramu 52, hukaa ndani ya mfuko wa uzazi na kudondosha kidogo kidogo pale pale. Damuni inaingia kidogo sana kulinganisha na sindano.

Kwa damu, huyu ndiye bingwa. Miezi 3 hadi 6 ya kwanza utapata matone, uvumilie. Halafu hedhi huwa nyepesi, ya siku chache, na baada ya mwaka kama 1 kati ya 5 haioni tena. Kwa mwanamke anayemwaga damu hadi anapauka ndimi na kucha, anayekunywa vidonge vya madini ya chuma mwaka mzima bila kujaza ndoo inayovuja, hii ni tiba kabla ya kuwa uzazi wa mpango. Husaidia wenye faibroidi kama uvimbe haujapinda nafasi ya ndani ya kizazi, husaidia maumivu ya endometriosi, yaani utando kama ule wa kizazi kuota nje yake, na hutumika kutibu utando ulionenepa kupita kiasi kabla haujageuka saratani. Marekani mwaka 2022 iliikubali Mirena, jina moja la koili hii, ikae hadi miaka 8 kwa kuzuia mimba.

Kwa safari, huyu ni mgumu. Haiko kila zahanati. Hospitali kubwa ya kaunti ndipo pa kuulizia, na wengi huishia Mombasa. Halafu kuna swali linaloulizwa kwa kunong'ona, hata na mwanamke mwenye watoto 6: nani ataniangalia? Ni haki yako kuomba mwanamke, na ni haki yako kuambiwa kabla ya siku kama hayupo, usije ukafunga safari ukafika ukamkuta kijana. Jingine la kunong'ona: je, baba watoto ataihisi? Nyuzi hukatwa zikabaki fupi na hulainika. Akilalamika, rudi zikatwe tena.

Kama ningeambiwa nichague kimoja tu cha kuongeza Lamu nzima, ningechagua hiki, na wakunga wawili wa kukiweka katika kila kisiwa.

Vidonge

Hapa sikai sana. Microlut, mikrogramu 30 za levonojestreli, ni ya mama anayenyonyesha na inataka nidhamu ya askari: ukipitisha saa 3, kinga imelegea, tumia kondomu siku 2 zinazofuata. Cerazette, yenye desojestreli, inasamehe hadi saa 12. Damu yake haitabiriki kama ya vijiti, ila ukiudhika unaacha mwenyewe kesho bila kumwomba mtu. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa.

Ukiichagua, ifunge na Magharibi. Lamu iko nyuzi 2 tu kusini ya ikweta, jua letu halichezi hata saa moja mwaka mzima, kwa hivyo adhana ni kengele nzuri kuliko simu isiyo na chaji. Na Ramadhani haikusumbui: tende, maji, kidonge.

P2 nayo ni levonojestreli, miligramu 1.5, ya dharura ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Huchelewesha yai kutoka. Mimba iliyokwisha kutunga haiitoi, wanaosema inatoa mimba wamekosea. Wanaoinywa kila wiki nao wamekosea, kwa njia nyingine: wanalipa ghali kwa kinga dhaifu na damu iliyovurugika. Kijana wa namna hiyo nikimpata simkemei, namwonyesha sindano ya kujichoma.

Primolut na Ramadhani

Shaabani ikiingia, maduka ya dawa huuza Primolut kama yanavyouza tambi. Noretisteroni miligramu 5, mara 3 kwa siku, kuanzia siku 3 kabla ya hedhi kutarajiwa. Unapoendelea kunywa, damu inangoja. Ukiacha, inakuja baada ya siku 2 au 3. Kazi yake ni safi na ndiyo dawa ile ile tunayompa mtu anayevuja sana ili kuisimamisha kwa siku 10, baada ya kujua kwanza anavuja kwa nini.

Ila watu huisahau kuwa ni dawa. Kwa kipimo hicho, sehemu yake hugeuka estrojeni mwilini, kwa hivyo aliyewahi kupata damu kuganda mguuni au mapafuni, mgonjwa wa ini, mwenye saratani ya matiti, wasiiguse. Mwenye damu ya ajabu isiyochunguzwa asijinunulie. Na haizuii mimba inavyonywewa hivyo. Nimewahi kumpima mwanamke Mfungo Mosi aliyedhani hedhi imechelewa kwa ajili ya Primolut. Alikuwa na mimba ya wiki 7.

Mwenye vijiti anayetaka kuongeza Primolut ili matone yakome Ramadhani, aje tuzungumze kwanza, mara nyingi haifanyi alichotarajia. Mwenye Depo iliyokwisha kukata damu hana haja nayo kabisa.

Nitasema langu. Kwa Hija na Umra naielewa: umelipa, umesafiri, siku zimehesabiwa, na kutufu kunataka twahara. Hata Bibi Aisha alipatwa na hedhi katika safari ya Hija, akaambiwa afanye yote isipokuwa kutufu, sasa wewe una kikundi kinachokungoja na ndege yenye saa yake. Kwa Ramadhani, kunywa homoni siku 30 ili usikose siku 6 ambazo sharia imekupa na utazilipa, mimi siioni haja. Lakini mwili si wangu. Ukiamua, pima presha kwanza na useme dawa nyingine unazotumia.

Projestini na mimba yenyewe

Hili ni fupi kwa sababu lina mkanganyiko mwingi na dawa chache. Mama mjamzito akitokwa na damu, kwetu watu hukimbilia vidonge vya "kushika mimba". Ushahidi ulio imara ni wa projesteroni yenyewe, si projestini, miligramu 400 ukeni mara 2 kwa siku, na faida imeonekana kwa mwanamke anayetokwa na damu sasa na ambaye aliwahi kuharibikiwa na mimba nyuma. Uingereza iliweka hilo katika mwongozo wake 2021. Asiyewahi kuharibikiwa, faida haikuonekana. Sindano ya Makena iliyokuwa ikitolewa Marekani kuzuia kuzaa kabla ya miezi iliondolewa sokoni Aprili 2023 kwa kuwa haikufanya kazi. Projesteroni ya ukeni bado hutumika kwa mwenye mlango wa kizazi uliofupika, na hilo huonekana kwa ultrasaundi tu.

Kwa mama aliyekwisha ukomo wa hedhi anayepewa estrojeni kwa ajili ya kuchemka mwili usiku: kama kizazi chake kipo, lazima apewe na projestini kulinda utando. Na aliyekwisha kukoma mwaka mzima, kisha akaona hata tone moja, asinunue dawa yoyote dukani. Aje achunguzwe.

Yule wa Kizingitini

Miaka 31, watoto 4, wa mwisho ana miezi 8. Alikuja akitaka "ile ya mitano". Nikamuuliza langu. Akafikiri, akasema, "Sista, isipokuja ni sawa. Ikija ovyo sitaweza, chumba ni kimoja na mama mkwe halali." Kuzaa tena si leo wala kesho. Presha 118/74. Mume anajua. Boti ni nauli ya kukopa.

Alijichoma ya kwanza mbele yangu, pajani, akahesabu hadi 7 kwa sauti. Za pili na tatu nikamfungia kwenye bahasha ya kaki. Akaomba kalamu, akageuza kadi ya kliniki ya mtoto, akaandika nyuma tarehe ya wiki 13 mbele, akaisoma mara mbili. Kisha akauliza boti ya Kizingitini inaondoka saa ngapi.